Mlango wa Nyuma wa Mashine ya Mpunga

Vijana wangu, siku hizi kila mmoja wenu ana biashara. Huyu ana baa, huyu ana nyumba ya wageni, yule amefungua saluni kwenye kibanda ambacho mteja akipiga chafya bati linahama. Vizuri sana. Mnakuja kuniuliza mtaji unapatikanaje na leseni inakatwa wapi. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza: mzee, mteja wangu akiumizwa na mtu mwingine ndani ya biashara yangu, mimi nahusika vipi? Nitawajibu kabla hamjauliza, maana mtu niliyemsikia akiuliza swali hilo kwa mara ya kwanza aliuliza akiwa amesimama mbele ya baraza la wazee, na mteja wake alikuwa tayari amelala hospitali.

Nilianza kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga hapa Kyela, wakati wa Mwingereza. Niliingia sina hata unywele mmoja kidevuni, nikatoka ndevu zimeota, zimekuwa nyeupe na zimeanza kuniaga. Mwenye mashine aliitwa Asegelile, mtu wa hapa hapa, mpole, mcheshi, kila Jumapili yuko kanisani benchi la mbele. Fundi mkuu alikuwa Ipyana, aliyejifunza injini kwenye machimbo ya dhahabu huko Chunya. Masikio ya Ipyana yalisikia bolti inalegea kabla bolti yenyewe haijapata habari.

Ipyana ndiye aliyenifundisha kazi. Kabla hujamwaga mpunga wa mteja, alisema, tafuna punje moja. Ikivunjika kwa mlio, koboa. Ikibonyea kama njegere, mrudishie mwenyewe akaanike tena, hata kama amebeba gunia kutoka Ikolo na anakutazama kwa macho ya kukuua.

“Mpunga mbichi unatoa chenga,” alisema, “na chenga zinatoa matusi. Chagua matusi ya sasa au ya baadaye.”

Nilichagua yote mawili. Wiki yangu ya kwanza niliufunga mkanda wa injini umekaa upande. Injini ikaguruma, mkanda ukachomoka, ukapita juu ya vichwa vya watu kama joka lenye mabawa na kukwapua kofia ya katekista aliyepita tu kusalimia. Wanaopenda ukweli mdogo mdogo wanasema kofia ilianguka kwenye majaruba ya jirani. Mimi nasema ilivuka mto Songwe ikaingia nchi ya Nyasa bila kibali, na askari wa mpakani Kasumulu wakaipigia saluti.

Asegelile hakucheka. Siku iliyofuata alileta miti, tukaujengea mkanda ule uzio wa kufika kifuani. “Mtu akikatwa na mkanda wangu,” alisema, “nitamwambia nini baba yake? Nimemwita mwenyewe aje humu.” Maneno mazuri kabisa. Nilimwona siku hiyo kuwa tajiri mwenye akili kuliko matajiri wote kutoka Tukuyu mpaka ziwani.

Sasa nije kwenye milango. Nyinyi mmezaliwa juzi, na mila nyingine mnazisikia kama habari za redio. Kwetu Wanyakyusa mke hakutani na baba mkwe wake. Hamtazami usoni, hapiti karibu naye, hatamki jina lake. Akimwona njiani anaingia migombani, hata kama ana mzigo kichwani na mtoto mgongoni, anageuka, anajifunika nguo mpaka mzee apite. Mzee naye anafanya vivyo hivyo, anatazama pembeni. Si chuki. Ni heshima, na ilikuwa nzito kuliko gunia lolote nililowahi kubeba.

Haya, fikirieni jengo la mashine lenye mlango mmoja. Mwanamke yuko ndani anasubiri mchele wake, baba mkwe anatokea na gunia lake. Atatoka wapi? Mashine nyingine hazikufikiria jambo hilo. Asegelile alilifikiria. Alijenga mlango wa nyuma, unaotazama migombani, na mwenyewe akautangaza mpaka kanisani: kwangu hakuna mwanamke atakayeaibika. Wanawake wa Bujonde walizipita mashine nyingine wakaja kwetu. Pumba zilijaa, vicheko vilijaa. Bibi Tupoki, mzee wa kabila la Wakisi aliyeleta vyungu kutoka ziwani na kuviuza pale barazani, ndiye aliyekuwa mlinzi. Akimwona mzee wa mtu anakuja, alipunga kitambaa chake chekundu mlangoni, maana kwa ngurumo ile kupiga kelele ni kupoteza pumzi. Ndani mwanamke mmoja au wawili walipotea nyuma kama moshi.

“Mume wangu,” bibi aliniambia, kwa utani wa bibi na mjukuu, “bila mimi wanawake wa nchi hii wote wangekuwa wameshakufa kwa aibu, na wewe ungebaki kuoa mashine.”

“Mashine haina mdomo kama wako, bibi.”

“Ndiyo maana inakupiga grisi na unanyamaza.”

Kisha pumba zikaanza kupungua. Watu walizitaka kwa nguruwe, na Asegelile akashawishika kwamba zinaibwa kwa mlango wa nyuma. Huenda ni kweli. Asubuhi moja tulimkuta ameshika nyundo, ameupigilia mlango ule misumari ya bati kuanzia juu mpaka chini, mingine imepinda kwa hasira.

Ipyana akamwuliza kwa heshima, kama mtu anayemwita baba, “Tata, na wanawake?”

“Watumie mlango mkubwa. Ng'ombe na mkokoteni vinapita pale, mwanamke atashindwa?”

“Unajua sisemi habari ya upana.”

“Nalinda mali yangu, Ipyana. Kwani nyumba hii ni ya nani?”

Hapo ndipo anapoingia Tusekile. Alikuwa binti wa watu wa Bujonde, mwembamba, mchekaji, aliyeolewa na mtu aitwaye Gwakisa. Gwakisa alikuwa amefanya kazi migodini kusini, akarudi na suti, gramafoni na mkono mwepesi. Alimpiga mke wake mpaka akakimbilia kwa baba yake. Lakini kukimbia hakukuwa kuachika. Ili ndoa ivunjike, baba wa binti alipaswa kurudisha ng'ombe wa mahari, na baba yake Tusekile hakuwa nao; alikuwa amewatoa kumwozea mwanawe. Kwenye baraza la chifu aliambiwa wazi: lete ng'ombe, binti yako awe huru. Kwa hiyo Tusekile alikaa kwa baba yake huku bado ni mke wa Gwakisa, na Gwakisa alitembea akisema mke wangu ni wangu, nitamfuata popote.

Siku moja alikuja kwenye mashine. Tusekile hakuwepo. Gwakisa akasimama katikati ya wanawake, injini imezimwa tunabadili chujio, kila mtu anamsikia.

“Najua anakuja hapa kukoboa,” alisema. “Nikimkuta, mtaona damu kwenye mchele wenu.”

Asegelile alikuwa amekaa kwenye mizani. Akatabasamu lile tabasamu lake la kanisani. “Bwana Gwakisa, mambo ya ndoa yamalizeni nyumbani. Hapa tunakoboa mpunga.”

Alipoondoka tulimfuata tajiri, mimi na Ipyana, na bibi Tupoki nyuma yetu anahema. Ipyana akasema, “Mzuie huyu mtu asiingie tena. Mwambie mbele ya watu.”

“Na akileta mpunga? Nimkatae mteja?”

Mimi nikasema, “Basi tung'oe misumari tu, tata. Hata nusu saa haifiki.”

“Kijana, unataka kunifundisha kazi? Mimi sijampiga mke wa mtu. Sitampiga. Mtu mwingine akimpiga, hilo ni lake na serikali.”

Bibi Tupoki akatikisa kichwa. “Mwe bandu! Enyi watu! Umeujengea uzio mkanda usio na chuki na mtu. Mwenye chuki unamwachia njia.”

“Bibi, uza vyungu.”

Sasa, mimi ni mtu wa kuongeza chumvi, mnanijua. Kofia ya katekista imevuka mpaka mara nyingi kwa mdomo wangu. Lakini kilichofuata nitakisema kilivyokuwa, bila kuongeza hata punje, na wanaokikumbuka bado wako hai.

Ilikuwa mchana, mvua imekatika, watu wengi wameleta mpunga kwa pamoja. Tusekile alikuwa ndani na kikapu chake, anasubiri zamu. Bibi Tupoki akapunga kitambaa chekundu. Nikatazama nje: mzee Mwakyoma, baba yake Gwakisa, baba mkwe wa Tusekile, anakuja polepole amebeba mfuko wa kuchukulia pumba. Mzee mstaarabu, asiye na ugomvi na mtu. Akasalimia, akaketi kwenye benchi la mlangoni, miguu ameinyoosha, anangoja.

Tusekile hakuwa na pa kutokea. Alifanya alichofundishwa tangu siku ya harusi yake. Akaenda mwisho kabisa wa jengo, nyuma ya magunia, akachuchumaa mbele ya ule mlango wenye misumari, akajifunika kichwa na uso kwa nguo, akageukia ubao. Akangoja mzee aondoke.

Nilimwambia Ipyana sikioni, “Nimkaribishe mzee akae kule kwenye kivuli cha ghala?”

“Haraka,” akasema. “Mwambie pumba nzuri ziko kule.”

Nikafuta mikono nianze kwenda. Gwakisa akaingia.

Alipita mbele ya baba yake mwenyewe. Mzee baadaye alisema alidhani mwanawe amekuja kumsaidia kubeba mfuko. Mkononi alikuwa na nyengo, lile panga lenye pua iliyopinda tunalokatia migomba, na nani angeshtuka kumwona mwanaume na nyengo Kyela? Kila mtu alikuwa nayo. Alitembea kati ya magunia kama mtu anayetafuta mzigo wake. Injini inanguruma. Tusekile amefunika uso, ametazama ubao, hasikii, haoni. Hakujua kuna mtu nyuma yake mpaka pigo la kwanza.

Ipyana ndiye aliyefunga mafuta. Injini ikakohoa, ikanyamaza, na katika ule ukimya ndipo sauti ya Tusekile ikasikika jengo zima. Tuliruka magunia, mimi na Ipyana na wanaume wengine, tukamwangusha Gwakisa chini. Ipyana akamkanyaga mkono mpaka nyengo ikatoka. Tusekile alikuwa ameinua mkono wa kulia kukinga kichwa. Mkono ule ulikuwa unaning'inia kwa ngozi. Na mkono wa kushoto, vijana wangu, ulikuwa bado unaushika ubao wa mlango, vidole vimeingia kwenye ufa, anauvuta.

Mzee Mwakyoma alisimama pale mlangoni. Hakuingia. Hakuweza kuingia alipokuwa mke wa mwanawe, hata wakati ule. Alijifunika macho kwa viganja na kupiga kelele, “Mshikeni! Mshikeni mwanangu! Mshikeni!” Alirudia hivyo mpaka sauti ikakauka.

Tulimpeleka hospitali ya misheni juu ya mlango. Ndiyo, ule ule. Ipyana aliung'oa kwa mtaimbo, misumari ikitoka inalia, tukamlaza juu yake tukabeba. Daktari aliukata mkono juu ya kifundo. Uhai ulibaki.

Gwakisa alipelekwa boma, akahukumiwa kifungo. Hapo wengi walidhani habari imekwisha. Asegelile alidhani hivyo pia. Alituma ndizi hospitali, akatuma mchele, akaomba sala. Lakini baba yake Tusekile akaenda baraza la malafyale, chifu wetu, akamshitaki mwenye mashine.

Watu walicheka. Mwenye mashine? Amefanya nini? Asegelile mwenyewe alikuja na koti lake la Jumapili, akasimama mbele ya malafyale na wazee, akasema vizuri kweli.

“Nyengo haikuwa yangu. Ugomvi haukuwa wangu. Aliyekata amefungwa. Mlango mkubwa ulikuwa wazi, ng'ombe na mkokoteni vinapita. Kama angekimbilia pale angetoka. Mimi naulizwa nini? Nikipanga nyumba yangu, nahusika na moyo wa kila anayeingia?”

Karani wa baraza, kijana aliyeletwa kutoka pwani, alikuwa anatikisa kichwa kukubali. Kwa kweli kwa mtu wa mbali maneno yale yalikuwa yamenyooka.

Wakamwita Tusekile. Mzee Mwakyoma alikuwa amekaa kati ya mashahidi, kwa hiyo mama wa Tusekile na wanawake wengine wakasimamisha mkeka, na binti akajibu kutoka nyuma ya mkeka.

Mzee mmoja wa baraza akamwuliza, “Mlango mkubwa ulikuwa wazi?”

“Ulikuwa wazi.”

“Kwa nini hukuwa karibu nao?”

Hakuweza hata kutamka jina la aliyekuwa ameketi pale. Kisha akasema polepole, “Alikuwepo mtu nisiyeweza kupita mbele yake.”

Barazani hakuna aliyehitaji kuelezwa, isipokuwa karani, aliyebaki na kalamu juu.

Malafyale akamgeukia Asegelile. “Mlango wa nyuma, nani aliujenga?”

“Mimi.”

“Kwa sababu gani?”

Asegelile akatazama chini. “Kwa ajili ya wanawake. Wasikutane na wakwe zao.”

“Na wanawake wakaja kwako kwa sababu hiyo, wakaziacha mashine nyingine?”

“Wakaja.”

“Uliambiwa kwamba Gwakisa ameapa kumkata?”

“Nilisikia mwenyewe.”

Nikaitwa mimi. Nilikuwa nasema dhidi ya mtu anayenilisha. Nilieleza tulivyomwomba ang'oe misumari na alivyojibu. Ipyana akasema vile vile. Halafu bibi Tupoki, bila kuitwa, akasimama na kusema kuhusu uzio wa mkanda.

Malafyale akauliza, “Mkanda uliuzungushia uzio kwa nini, Asegelile?”

“Usimkate mtu.”

“Mkanda una nia ya kumkata mtu?”

“Hauna.”

“Gwakisa alikuwa nayo, na aliitangaza ndani ya nyumba yako. Hakuna anayesema wewe umekata. Umewaita watu kwa mlango ule, ukala faida ya mlango ule, halafu ukaufunga na kuuacha umefungwa, unajua nani anakuja. Ungeweza kumzuia mlangoni. Ungeweza kung'oa misumari. Ungeweza hata kumwambia binti asije siku zile. Ulifanya lipi?”



Miaka ya baadaye, nilipokuwa nasoma darasa la jioni, darasa lililonipa cheti ambacho mke wangu alihamisha kabati ili kipate ukuta, mwalimu alitueleza kwamba hata sheria za Waingereza zina wazo hilo. Anayewaalika watu ndani mwake kwa faida yake ana wajibu wa kuwakinga, si na bati bovu tu, bali hata na mtu mwovu, iwapo alijua au alipaswa kujua kwamba hatari inakuja na alikuwa na njia ya kuizuia. Nilinyoosha mkono nikamwambia, mwalimu, hilo nimelisikia Kyela likisemwa na mtu aliyekaa kwenye kigoda.

Lakini bado hatujafika kwenye hukumu. Malafyale alimgeukia mzee Mwakyoma. “Mwanao alipooa, mlitoa ng'ombe wangapi?”

Mzee akawataja mmoja mmoja, kwa rangi zao.

Malafyale akarudi kwa Asegelile. “Umewasikia. Utampa baba wa binti idadi hiyo hiyo.”

Wazee wakatazamana. Baba yake Tusekile alichelewa kidogo kuelewa, kisha akaanza kulia. Kwa ng'ombe wale angeweza kuirudisha mahari yote. Tusekile angekuwa huru.

Asegelile alilipa. Simtukani, alilipa bila ujanja, na hakuwahi tena kuufunga mlango wa nyuma hata upepo ulipousumbua. Mimi na Ipyana hakutufukuza, ila kwa muda mrefu alituita kwa majina yetu tu, bila mzaha wake wa zamani.

Gwakisa akapata habari gerezani. Akamtumia baba yake ujumbe: usiwapokee ng'ombe hao. Wasipopokelewa, bado ni mke wangu, na nitatoka siku moja. Sisi wote wa mashine tulijua maana ya ujumbe huo, na Tusekile aliijua kuliko sisi. Ng'ombe walikuwa wanasubiri kwa baba yake, na kila jioni alikuwa anawafungia kwa mkono mmoja, hajui kama wataondoka.

Mzee Mwakyoma alikwenda kuwachukua. Alikwenda na mashahidi wawili, akawapokea mbele ya watu, akatamka wazi kwamba binti wa nyumba ile si mke wa nyumba yake tena. Wengine walimlaumu kwa kumkana mwanawe aliye kifungoni. Akajibu kwamba mwanawe alimpita mlangoni bila kumsalimia.

Mvua zilipopungua Tusekile akarudi kwenye mashine, kikapu kichwani, amekishika kwa mkono wa kushoto. Mzee Mwakyoma alikuwa kwenye benchi la mlango mkubwa, anangoja pumba. Bibi Tupoki kwa mazoea akainua kitambaa, kisha akakishusha. Wazee wengine mpaka leo wanabishana kama ilifaa. Wengine wanasema ng'ombe wakisharudi hakuna mkwe tena, wengine wanasema heshima hairudi pamoja na ng'ombe. Tusekile hakumwuliza mtu. Alisimama kidogo, akauelekea ule mlango mkubwa, akaja moja kwa moja.

Mzee akainuka, akavuta benchi pembeni, akageukia ukuta, na akajifunika uso kwa kofia yake mpaka binti alipopita.